Farasi wa tamthilia na damu yake

Mtazame farasi yeyote wa *Game of Thrones*, au wa tamthilia nyingine za majoka na wafalme ambazo watu wa Kisangani huzikeshea, kuanzia Mangobo hadi ng'ambo ya Lubunga. Anapiga shoti tangu jioni hadi alfajiri, anavuka mlima na theluji, kisha shujaa anashuka, anamwacha mlangoni, na habari zake zinaishia hapo. Hatoki jasho, hanywi maji, hali majani. Ni pikipiki yenye masikio. Jambo hili huniudhi kuliko majoka yote, maana joka limebuniwa na lina haki ya kufanywa lolote. Farasi ni mnyama wa kweli, na kinachotokea mwilini mwake akikimbia kinapita uchawi wote wa tamthilia hizo.

Tuanze na pua. Farasi hawezi kupumua kwa mdomo. Kaakaa lake laini ni refu mno, linaziba njia kati ya mdomo na koo, kwa hiyo hewa yote hupita puani. Ukimwona kwenye picha ameachama, usidhani anahema. Mara nyingi ni lijamu inayomuumiza, naye anaikimbia. Na akishika mbio kamili, pumzi zake hufungamana na miguu: mruko mmoja, pumzi moja. Mwili ukinyooka na miguu ikiwa hewani, anavuta. Mguu wa mbele ukitua na kubeba uzito, anatoa. Hawezi kuongeza pumzi bila kuongeza hatua. Miruko inazidi miwili kwa sekunde, basi hesabu mwenyewe: pumzi 120 na zaidi kwa dakika, kila moja ikiwa na lita kumi na kitu za hewa.

Hewa hiyo ingepotea bure kama damu isingeweza kuibeba, na hapa ndipo penye siri ninayoipenda kuliko zote. Farasi ana akiba ya damu. Bandama lake ni kubwa, na anapotulia huhifadhi humo sehemu kubwa ya chembe nyekundu za damu. Akishtuka au akianza mbio, bandama hujikamua na kuzimwaga chembe hizo kwenye mishipa. Damu ambayo kiasi cha asilimia 40 yake kilikuwa chembe nyekundu inafika asilimia 60. Moyo uliokuwa ukipiga mara 30 au 40 kwa dakika unapanda hadi kupita 220. Kwa muda mfupi anakuwa mnyama mwingine kabisa, mwenye damu nzito na moyo wa ngoma.

Muda mfupi, nasema. Kwa kasi hiyo huchoka baada ya kilomita chache tu. Yapo mashindano ya kilomita 160 kwa siku moja, lakini njiani kuna vituo, na daktari wa mifugo humpima kila farasi: mapigo ya moyo yasiposhuka hadi 64 kwa dakika ndani ya muda uliowekwa, ameondolewa. Jasho lake lina protini inayotoa povu, ndiyo ule weupe unaotanda shingoni na mapajani. Siku nitakapoiona tamthilia inayomwonyesha shujaa akimfuta farasi wake povu na kumtembeza polepole hadi apoe, nitaisifu kwa kila mtu. Na ile milio inayosikika kila farasi anapotokea hutiwa studio. Mwenyewe akiwa mbioni ni mkimya, kinachosikika ni kwato na pumzi.

Tuwape haki yao walioifanya kazi vizuri. Mwingereza Camilla Naprous, aliyesimamia farasi wa *Game of Thrones*, amekulia kwenye kazi hiyo, na inaonekana. Katika vita vya Winterfell vilivyorushwa mwaka 2016 walitumika farasi halisi wapatao 70 huko Ireland ya Kaskazini. Mizoga iliyolala matopeni ilikuwa sanamu. Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 1939, katika filamu ya *Jesse James*, farasi aliangushwa kutoka kwenye jabali hadi majini akafa, na hasira ya watu ndiyo iliyoleta usimamizi wa wanyama kwenye filamu za Marekani. Hata leo sioni kwa nini tuzembee: Machi 2023 farasi mmoja alikufa kwa moyo huko Uingereza asubuhi, kabla ya mazoezi ya tamthilia ya *The Rings of Power*. Mnyama wa aina hii hatakiwi kutumiwa ovyo hata na walio na fedha zote.

Hapa kwetu farasi hakustawi, na si kwa kukosa wa kumtaka. Mwaka 1887 mfanyabiashara Tippu Tip alipofanywa gavana wa Stanley Falls, yaani Kisangani hii hii, pembe za ndovu zilikwenda pwani vichwani na mabegani mwa watu. Karibu mwaka 1900 utawala wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji ulianza kufunza tembo huko Uele wavute mikokoteni, kwa sababu wanyama wengine wa kazi hawakudumu. Mji wenyewe umebebwa na miguu ya watu: kwanza wapagazi, baadaye vijana wa toleka na baiskeli zao, leo pikipiki.

Aliyemzuia farasi ni mbung'o. Anakaa kivulini kandokando ya mito, dume na jike wote wananyonya damu, na kwa mate yao wanaingiza tripanosoma, vimelea ambavyo daktari David Bruce alivigundua kwenye damu ya mifugo huko Zululand miaka ya 1890. Ng'ombe wa N'Dama, walioletwa Kongo kutoka Afrika Magharibi, huvumilia. Farasi hawezi. Anashikwa na homa, tumbo na miguu vinavimba, na chembe nyekundu zinaharibiwa. Ile akiba iliyomfanya awe farasi ndiyo inayokwisha. Pua imetanuka, hewa inaingia, na hakuna cha kuibeba.

Kwa malale ya binadamu, nayo huletwa na mbung'o, tumepiga hatua: vidonge vya fexinidazole viliidhinishwa nchini mwetu mwishoni mwa 2018, baada ya majaribio yaliyofanyika hasa hapa Kongo. Mifugo imeachwa na dawa za miaka ya 1950 na 1960, na mojawapo, diminazene, farasi huivumilia kwa shida. Mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi inajulikana, ni rahisi kushona, na mbung'o huifuata mwenyewe. Kutoitundika penye mifugo ni uzembe, wala tusiubandike jina la umaskini. Kwingine watu wanahangaikia hata inzi wa kawaida wa farasi: utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwavisha farasi wa Uingereza nguo za mistari ya pundamilia, na inzi wakatua kwenye nguo hizo mara chache sana kuliko kwenye nguo za rangi moja.

Mengine mnayajua: farasi hulima, hubeba polisi, hutoa maziwa huko Mongolia, huchezewa polo, husaidia watoto wenye ulemavu kujifunza kukaa wima. Hutoa pia dawa ya sumu ya nyoka. Huchomwa sumu kidogo kidogo hadi mwili wake utengeneze kinga, kisha hutolewa damu. Majimaji huchukuliwa, na mara nyingi chembe nyekundu hurudishiwa mwenyewe. Sehemu kubwa ya dawa hiyo inayotumika Afrika hutoka kwa farasi. Mkulima wa Tshopo aliyeumwa na kifutu shambani anaihitaji siku hiyohiyo, na ni vituo vichache mno vya afya vya vijijini vinavyokuwa nayo.