Usingizi wa Kompyuta Mpakato na Kugoma Kuamka Baada ya Sasisho

Kompyuta mpakato inapofunikwa haizimiki bali hulala, na usingizi huo ni makubaliano ya pande tatu, nazo ni vifaa vyenyewe, programu dhibiti ambayo mtengenezaji aliihifadhi ndani ya ubao mama, na mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia nyingine zote. Sasisho hubadilisha upande mmoja na kuziacha pande mbili zikiwa na mazoea ya zamani. Ndiyo maana kompyuta iliyolala salama jana inaweza kuamshwa leo ikatoa kioo cheusi, feni ikivuma na taa ikiwaka, lakini kibodi haiitikii.

Uwezo huo wa sasisho kuharibu usingizi una historia yake. Kanuni za awali, zilizoitwa APM na kutolewa na Intel na Microsoft mwaka 1992, ziliacha sehemu kubwa ya kazi ya kulaza mashine mikononi mwa programu dhibiti, ambayo mtumiaji aliigusa kwa nadra. Desemba 1996 kampuni hizo pamoja na Toshiba zilitoa kanuni za ACPI, zilizohamishia madaraka kwenye mfumo endeshi, na tangu hapo kila kiendeshi, yaani programu ndogo inayozungumza na kifaa kimoja kama kadi ya michoro au Wi-Fi, hubeba dhamana ya kukilaza kifaa chake na kukiamsha. Kiendeshi kimoja kikikosea, mashine nzima inaweza kukwama.

Katika ACPI, hali ya S3 hukata umeme karibu kila mahali isipokuwa kwenye kumbukumbu ya muda inayoshikilia kazi zilizo wazi, ilhali S4 huandika kazi hizo kwenye diski kisha ikazima kila kitu. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, watengenezaji walianza kupendelea usingizi mwepesi unaofanana na wa simu, ambamo kichakataji hakizimwi bali hutulizwa, na kompyuta nyingi zenye vichakataji vya Intel vya kizazi cha 11, vilivyotoka mwaka 2020, hazina tena S3. Mfumo wa Linux huuita usingizi huo s2idle.

Vijijini mwa mkoa wa Ruvuma, kusini mwa Tanzania, tofauti kati ya S3 na usingizi huo mwepesi hupimwa kwa betri. Mji wa Songea wenyewe uliungwa na gridi ya taifa mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, baada ya miaka mingi ya kutegemea jenereta za dizeli. Kompyuta inayotumwa na ndugu walioko ughaibuni hadi kijijini Namasakata, ikachajiwa kwa sola na kusasishwa kwa bando la simu, haina nafasi ya kupoteza chaji usiku kucha kwa usingizi usiotulia. Wala haifai kukimbilia tiba iliyozoeleka ya kupiga Windows upya, kwa kuwa faili la mfumo mpya huzidi gigabaiti 5 na kosa lenyewe linaweza kurudi pamoja na sasisho lilelile.

Busara ni kuurudisha nyuma upande uliobadilika, na huo peke yake. Ubuntu, mmoja wa mifumo ya Linux, na mifumo jamaa yake huhifadhi kiini cha zamani, yaani moyo wa mfumo endeshi, ambacho huchaguliwa kwenye menyu ya kuwashia bila kupakua chochote; kompyuta ikilala na kuamka vizuri kwa kiini hicho, mshtakiwa amepatikana. Kwa Windows, kiendeshi cha kadi ya michoro kinaweza kurejeshwa kwenye toleo lililotangulia kupitia orodha ya vifaa, na amri powercfg /a huonyesha hali za usingizi zinazokubaliwa na mashine. Inafaa kujua pia kwamba tangu Windows 8 kuzima kwa kawaida mara nyingi huwa ni nusu ya S4, kwa hiyo anayetaka mwanzo safi wa kweli huiagiza mashine ijiwashe upya.

Kiini cha Linux kimewekewa vipimo vya uchunguzi vinavyostahili kujulikana zaidi na mafundi. Faili /sys/power/mem_sleep huonyesha ni usingizi upi unaotumika, wa s2idle au ule mzito unaoitwa deep. Faili /sys/power/pm_test huwezesha kulaza mashine hatua kwa hatua, ambapo kila hatua husubiri sekunde 5 kisha mashine ikaamka yenyewe, na hatua inayokwama huonyesha eneo la kosa. Mashine ikifa kabisa pasipo kuandika chochote kwenye diski, hubaki pm_trace, inayoficha alama ya kifaa cha mwisho ndani ya saa ya ubao mama, kwa sababu saa hiyo hubakiza thamani yake hata mashine inapowashwa upya. Fundi anatakiwa kuiwasha upya ndani ya dakika 3 hivi na kusoma alama hiyo kwa amri dmesg, kabla saa haijasonga na kuifuta. Tarehe ya kompyuta itakuwa imeharibika, na ni lazima irekebishwe, kwani kurasa nyingi za intaneti hukataa kufunguka kwa mashine yenye tarehe isiyo sahihi.