Takataka Zinazopasha Moto Hospitali

Kila aliyepita kando ya jaa linalowaka ajua jinsi moshi wa plastiki unavyochoma koo. Walakini takataka za namna hiyo hiyo, katika mji wa Vienna, nchi ya Austria, huipasha moto hospitali. Twaona yafaa wafanyakazi wajue jambo hilo hufanywaje.

Kiwanda cha Spittelau kilijengwa kati ya mwaka 1969 na 1971, hasa kwa ajili ya kuipatia joto Hospitali Kuu mpya ya mji huo, iliyo umbali wa kilometa 2 hivi. Takataka huchomwa tanurini, moto wake hugeuza maji kuwa mvuke, na joto husafirishwa kwa mabomba. Siku hizi huchomwa tani 250,000 hivi kila mwaka, na nyumba zaidi ya 60,000 hupata joto.

Mwaka 1987 kiwanda hicho kiliungua. Meya Helmut Zilk alimwomba msanii Hundertwasser akitengeneze sura mpya. Msanii huyo, mtetezi wa mazingira, hakukubali mpaka alipohakikishiwa kwamba moshi utasafishwa vizuri. Kazi ilikwisha mwaka 1992. Hapo pana somo: moto wa jaani na moto wa Vienna hutofautishwa na chujio. Pasipo chujio, anayepashwa joto hospitalini ndiye atakayerudi kulazwa kwa kifua.

Hata hivyo tusidanganyike. Mabaki ya chakula, karatasi na mbao asili yake ni mimea, nayo huota tena. Plastiki asili yake ni mafuta ya petroli na gesi ya ardhini, navyo vikiisha havioti. Kuichoma ni kuchoma mafuta yaliyobadili nguo, na hewa ya ukaa itokayo huzidisha joto la dunia. Ndiyo sababu watunza hesabu za nishati huzigawa takataka mafungu mawili. Fungu hili la pili halistahili kuitwa nishati safi, hata likipasha moto wodi ya wagonjwa.

Katika miji yetu sehemu kubwa ya takataka ni mabaki ya vyakula yenye maji mengi, yasiyowaka vema. Basi tupunguze plastiki kwanza, tutenge ifaayo kutumika tena, mabaki ya vyakula yawe mbolea, na kinachosalia tu ndicho kiende tanurini. Mali bila daftari hupotea bila habari. Takataka nazo zataka daftari lao, tena la kweli.