Namna mbwa anafundishwa kufuata harufu ya mtu

Kwa nini askari wa Parke ya Virunga wanatembea na mbwa? Juu pua ya mbwa inafuata njia ambayo macho yetu hayaoni. Mwaka 2011, kule Rumangabo, kulianzishwa kikosi cha mbwa wa aina ya Saint-Hubert, wenye masikio marefu, wa kufuatilia wawindaji haramu.

Mafunzo ya kazi hii yanaanza kama mchezo. Mtu anajificha karibu. Mbwa ananusishwa nguo yake, kisha anaambiwa atafute. Akimpata, anapewa nyama na kusifiwa. Akishazoea, umbali unaongezwa pole pole, hadi kijijini kwenye harufu za watu wengi. Askari anayeshika kamba anajifunza pia: mbwa akianza kuzungukazunguka, pengine amepoteza njia. Kumpiga ni kuharibu kazi, juu mbwa mwoga anaangalia fimbo, hatafuti tena.

Lakini harufu haikai sana. Jua kali na miguu ya watu vinaimaliza. Kwa hiyo, msikilizaji, ukikuta tembo ameuawa, usikaribie, usiokote nguo ao kamba iliyoachwa pale. Ita askari mbio.