Fahamu: Vishimo vya wadudu vinavyogeuka jiwe

Mdudu hufa mara moja, lakini akiwa hai huacha vishimo na mikwaruzo mingi. Kishimo kikijazwa mchanga na kufunikwa, huweza kuganda kuwa jiwe: kisukuku cha alama, kinachoonyesha mnyama alivyoishi.

Alama nyingi maarufu ni za minyoo na kaa wa bahari ya kina kifupi. Hapa Nakuru, katika Bonde la Ufa, hatuzitarajii, kwa kuwa miamba yetu ni ya volkeno na maziwa. Ile ya bahari ya kale, yenye amonaiti (wanyama wa bahari wenye gamba, waliotoweka) wa enzi ya Jurasiki, iko karibu na Mombasa.

Lakini bonde letu lina hazina yake. Ufukweni mwa Ziwa Bogoria mbawakawa huchimba tope lenye unyevu, na watafiti hutumia vishimo vya namna hiyo kukadiria ufuo wa kale ulipokuwa. Maji yaliyopanda katika maziwa ya Nakuru, Baringo na Bogoria yamefunika fuo za maziwa hayo.