Kabla ya Kutuma Hela ya Rejesho

Ujumbe uliingia saa nane usiku huku Minneapolis, mwezi wa Februari. Mikumi ilikuwa saa tano asubuhi, siku ya marejesho. Namba sikuijua. Uliniita mdhamini wa mkopo wa mama yangu mdogo, ukasema kwamba asipolipa kabla ya saa kumi jioni, deni lake litatangazwa kwa watu wote anaofahamiana nao. Sijawahi kutia saini udhamini wowote. Namba yangu ilichukuliwa kwenye simu yake siku alipopakua programu ya mkopo na kubonyeza "kubali".

Nilimpigia. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Akanyamaza kidogo. "Na wewe wamekutumia?"

Usiku ule nilituma hela, kama ambavyo wengi wetu tungefanya. Baada ya wiki mbili ukaja ujumbe mwingine, wa mkopeshaji mwingine. Ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nazima moshi bila kujua moto uko wapi. Ninaandika kwa ajili ya wana Kilosa na Mikumi tulio nje, kwa sababu simu za namna hii zinatufikia wengi na tunazipokea kwa aibu, kila mtu kivyake.

Mama mdogo ni mama lishe pale Mikumi, kando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa, malori ya Zambia yanapoegesha. Mkopo wake wa kwanza ulikuwa wa kikundi cha wanawake watano. Mikopo hiyo haidai hati ya nyumba wala shamba. Dhamana ni wenzako: mmoja akishindwa, wanne wanachangia rejesho lake. Mume wa mwenzao aliugua, hela ya biashara ikaishia hospitalini, kisha mama yule akahama. Rejesho lake likawaangukia wanne. Mama mdogo akakopa kwenye simu ili afidie kikundi, halafu akakopa kwa mtu wa kausha damu, mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, ili alipe simu. Kukopa huku kulipa kule. Madeni matatu, na shina lake halikuwa deni lake hata kidogo.

Hilo ndilo linaloniuma tunaposema watu wa nyumbani "wanapenda mikopo". Ukikaa na watu wa wilaya yetu ukawauliza deni lilianzia wapi, mara nyingi utasikia habari ya maji. Mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, ulibomoa reli ya kati na kuwaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi. Januari 2014 mafuriko yakaipiga Dumila na Magole, na daraja la barabara ya Dodoma likakatika. Mkulima aliyekopa mbegu na trekta kwa ahadi ya kulipa mpunga ukivunwa anabaki na deni zima na shamba la matope. Upande wa Mikumi, tembo wakitoka hifadhini wanamaliza ekari ya mahindi kwa usiku mmoja. Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho, lakini jina lenyewe linasema: hakikupimwa kwa kuangalia mkopo uliokopwa. Kule Ruhembe, muwa ukiungua kabla ya zamu yake ya kuvunwa usipofikishwa kiwandani haraka, utamu unashuka na malipo yanashuka nao. Makato ya pembejeo yanabaki palepale.

Lakini mkopeshaji naye ana mipaka yake. Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwapanga watoa huduma katika madaraja manne. Daraja la pili ndilo la wakopeshaji wasiopokea amana, wakiwemo watu binafsi. Hawa wanatakiwa kuwa na leseni, na Benki Kuu imewawekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa yule wa kausha damu, mama mdogo alichukua shilingi 200,000 kwa makubaliano ya kurudisha 260,000 baada ya mwezi mmoja. Kwa ukomo ule, angerudisha 207,000. Zile 53,000 za ziada ni magunia ya mkaa na mchele wa biashara yake.

Kuhusu programu za simu, Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kuzifungia 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeunda Tume ambayo mtu anaweza kuipelekea malalamiko pale taarifa zake zinapotumiwa kumdhalilisha. Ujumbe kama ule nilioupata mimi ni ushahidi. Usiufute kwa hasira. Upige picha.

Sasa tuje kwenye jina. Zamani sifa ya mkopaji ilikuwa mdomoni mwa mwenyekiti wa mtaa, na barua yake ndiyo iliyokupa mkopo. Barua bado inadaiwa, lakini tangu kanuni za mwaka 2012 Benki Kuu ina kanzidata ya wakopaji, na taasisi mbili, Creditinfo na Dun & Bradstreet, zilipewa leseni ya kuandaa ripoti za historia ya mkopaji. Benki zinapeleka taarifa huko, na wakopeshaji wengine nao wamezidi kuungana nazo. Kwa hiyo rejesho lililokwama Mikumi linaweza kuonekana kwenye dirisha la benki Morogoro miaka baadaye, mtoto anapotaka kukopa bodaboda kwa jina la mama yake. Kulipa deni hakufuti kumbukumbu kwamba lilichelewa. Kunabadilisha tu hali yake kutoka "linadaiwa" kuwa "limelipwa", na hata hilo linamtegemea mkopeshaji apeleke taarifa mpya. Akisahau, jina linabaki chafu huku hela imeshaondoka. Mkopaji ana haki ya kuomba ripoti yake na kupinga kilichoandikwa kimakosa.

Ndiyo maana mara ya pili sikutuma kitu kwanza. Nilimwomba mama mdogo karatasi. Alikuwa na daftari la mistari lenye jalada lililolowa mafuta ya kupikia, na ndani yake marejesho ya kikundi yameandikwa kwa kalamu nyekundu, moja moja, na sahihi ya katibu pembeni. Mkopeshaji wa kausha damu hakuwa amempa chochote. Tulipomwomba mkataba na namba ya leseni, alipunguza sauti. Alikubali kupokea kiasi kilichokopwa na riba ndogo, mbele ya mtendaji, kwa maandishi.

Kikundi tulikilipa kwanza, ingawa wao hawakutishia mtu. Wale wanawake ndio watakaomdhamini tena, na mkopo wao ndio ulioingia kwenye vitabu rasmi. Wa simu tulimlipa mkopo halisi kwa namba ya malipo iliyo kwenye programu, si kwa namba binafsi ya mtu aliyekuwa akitupigia. Watu wengi wamelipa mara mbili kwa kosa hilo.

Na sisi huku tujihadhari tusiunguze majina mawili kwa deni moja. Najua ndugu waliochota hela kwenye kadi ya mkopo ili kuokoa nyumba Kimamba, kisha wakashindwa kulipa kadi. Marekani alama ya kushindwa kulipa hukaa kwenye ripoti miaka saba, Uingereza sita. Bili ya hospitali isiyotarajiwa nayo inatupiga. Wanaoishi Marekani wajue kwamba tangu Aprili 2023 taasisi tatu za ripoti zimeondoa madeni ya matibabu yaliyoanzia chini ya dola 500, na kwamba ukipata barua ya mkusanya madeni una siku 30 za kulipinga deni kwa maandishi na kudai uthibitisho. Ni swali lilelile la Mikumi: nionyeshe karatasi.

Waliosoma kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu wakahama kabla ya kumaliza kulipa, wakague salio lao. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliondolewa mwaka 2021, na wengi bado wanaogopa deni kubwa kuliko lililopo.

Mwezi uliopita mama mdogo alinitumia picha. Barua ya ukurasa mmoja, muhuri wa bluu umekaa upande kidogo, na mstari mmoja alioukazia kwa peni yake mwenyewe: salio, sifuri. Akaniachia na ujumbe mfupi wa sauti, malori yakinguruma nyuma yake. Jumatatu anakwenda Morogoro kuomba ripoti yake, na anataka nimwambie avae nguo gani.