Sayari Iitwayo Tanzanite na Namna ya Kuifundisha Darasani

Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na kubaki mfano wa pete mbele ya umati uliokusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, watu wa Masanze na wa sehemu nyingine za Kilosa na Mikumi, ambao walikuwa nje ya ukanda wa pete hiyo, waliweza kuliona limemegwa sehemu yake kubwa. Jambo hilo, ambalo wengi walilistaajabia kisha wakarejea kwenye shughuli zao, ndilo asili ya elimu ninayokusudia kuieleza: ya kwamba kiwiliwili kisicho na nuru yake chenyewe, kikipita mbele ya nyota, hupunguza nuru itufikiayo, na kwa kupima upungufu huo tu mtu aweza kutambua kuwapo kwake hata asipokiona.

Nyota ziko mbali mno, na sayari zizizungukazo hupotea katika mng'ao wake, hata darubini zilizo kubwa aghalabu hazizioni. Kwa hiyo mwanafalaki huipima nuru ya nyota moja kila baada ya dakika chache, na kila kipimo hukitia nukta katika karatasi ya miraba, wakati ukienda kwa upana na nuru kwa wima. Hapo hupatikana mchoro wa nuru, ambao sehemu kubwa ni mstari ulionyooka, kisha hushuka kidogo kwa muda wa saa chache na kurudi palepale ulipokuwa. Kina cha mshuko huo hutupa ukubwa wa sayari. Sayari ambayo upana wake ni sehemu ya kumi ya upana wa nyota yake huziba sehemu moja katika mia ya nuru, wala si moja katika kumi, kwa kuwa kinachoziba ni eneo. Ndivyo Mushtarii ingeonekana kwa mtazamaji wa mbali ikipita mbele ya Jua letu, ilhali Dunia ingeziba takriban sehemu moja katika 12,000 tu. Muda ulio baina ya mshuko na mshuko ndio mwaka wa sayari.

Taifa letu lina fungu lake katika habari hii. Mwaka 2019, Jumuiya ya Kimataifa ya Falaki ilipotimiza miaka 100, nchi zaidi ya mia moja zilipewa fursa ya kuita majina nyota na sayari, na Tanzania ikaiita nyota WASP-71 Mpingo, kwa mti umeao katika miombo yetu, na sayari yake ikaiita Tanzanite, kwa kito cha Mirerani. Sayari hiyo, iliyo kubwa kuliko Mushtarii, humaliza mwaka wake kwa siku tatu kasoro kidogo, na kila ipitapo huipunguzia Mpingo chini ya sehemu moja katika mia mbili ya nuru yake. Macho matupu hayaioni nyota hiyo; lakini katika usiku wa Oktoba na Novemba hupita karibu na utosi wa mtu asimamaye Masanze. Sioni somo la kwanza lifaalo kuliko hilo.

Mwalimu na aanze kwa taa, tufe la udongo lililofungwa uzi, na simu yenye programu ya kupima mwanga, wanafunzi wenyewe wakichora nukta kwa kalamu ya risasi. Kisha, kabla hajawaruhusu kutamka neno sayari, awafundishe kutia shaka, maana hapa ndipo penye elimu yenyewe. Nyota mbili zizungukanazo nazo huzibiana nuru: mishuko yake aghalabu ni ya kina kikubwa, hupokezana mmoja mkubwa na mmoja mdogo, na umbo lake huchongoka chini badala ya kuwa bapa kama sakafu ya sahani. Mshuko mmoja si hoja. Hitilafu ya chombo yaweza kuuleta. Mishuko mitatu iliyo sawa kwa kina na kwa muda ndiyo inayostahili kusikilizwa, na hata hiyo huhitaji uthibitisho wa vipimo vingine.

Wala asidhani mtu kwamba kazi hii ni ya wakubwa pekee. Chombo TESS, kilichorushwa na Marekani mwezi Aprili 2018, huitazama sehemu moja ya mbingu kwa siku 27 hivi, na vipimo vyake viko wazi kwa kila atakaye. Katika hivyo, mwaka 2019, Wolf Cukier, mwanafunzi wa sekondari mwenye umri wa miaka 17, aliona mshuko usiolingana na nyota mbili alizokuwa akizichunguza, na ikathibitika kuwa ni sayari, iitwayo TOI-1338 b.

Basi nawasihi walimu wa hisabati na fizikia wa Masanze: ikiwa intaneti ya shule haitoshi, michoro michache iliyochapishwa mjini Kilosa yatosha darasa zima, kila mwanafunzi na rula yake, apime kina, ahesabu siku, kisha atetee jibu lake mbele ya wenziwe.