Mtama Unaokinyima Kiduha Habari

Katika soko la Konyo Konyo, Juba, mtama hupimwa kwa malwa, kopo la kilo 3 na nusu hivi. Ukiinama karibu na gunia utaona punje nyeupe, nyekundu, nyingine rangi ya udongo. Mama anayenunua anawaza asida, yaani ugali, ya jioni. Nafaka nyingi ya mjini hupitia mpakani Nimule ikitoka Uganda, ilhali Sudan Kusini ina ardhi tele. Vita na mafuriko vimechangia sana hali hiyo. Lakini yuko adui mwingine, naye amejificha ardhini.

Ni kiduha, gugu ambalo Wasudani huliita buda. Kina maua mazuri ya zambarau. Mche mmoja humwaga maelfu ya mbegu laini kama vumbi, na zinaweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10 zikingoja mzizi wa mtama upite karibu.

Zinajuaje kwamba umepita? Mtama wenyewe ndio unaozijulisha. Jeni za mmea hazifanyi kazi zote kwa pamoja. Huwashwa na kuzimwa kama taa za nyumba, kulingana na hali. Udongo ukikosa fosforasi, mtama huwasha jeni zinazotengeneza strigolaktoni, kemikali zinazotoka mizizini kuwaita kuvu rafiki wausaidie kutafuta madini. Kiduha nacho husikia mwito huo, kikaota, kikajichomeka mzizini na kunyonya. Ndiyo maana shamba lililochoka ndilo linaloumia zaidi. Inauma: mmea unaomba msaada, anakuja mwizi.

Gebisa Ejeta, mtaalamu kutoka Ethiopia, alifanya kazi Sudan, ambako mtama wake chotara wa kustahimili ukame, Hageen Dura-1, ulitolewa mwaka 1983. Mwaka 2009 alipata Tuzo ya Chakula Duniani. Mwaka 2017 yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walieleza siri ya jeni iitwayo LGS1. Mtama usio na jeni hiyo inayofanya kazi bado hutoa mwito, ila kwa kemikali ya aina nyingine, na mbegu nyingi za kiduha hubaki usingizini.

Upungufu huo haukubuniwa maabara. Ulikuwamo tayari katika mbegu za asili za Afrika. Jijini Nairobi, Steven Runo wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na wenzake wanahariri jeni hiyohiyo wakitafuta mtama usioshambuliwa na kiduha.

Si kinga kamili. Viduha havifanani makali kila mahali, na samadi pamoja na kung'oa kiduha kabla hakijatoa mbegu bado ni lazima.

Familia nyingi zilizokimbia vita vya Sudan Kusini mwaka 2013 na 2016 ziliacha maghala yao nyuma, pamoja na mbegu za asili ambazo huenda baadhi zilikuwa na upungufu huo wa jeni. Kwa hiyo wewe ambaye nyumbani kwenu bado kuna mtama wa bibi, usiupike wote. Tenga masuke machache, yakaushe vizuri, uandike jina la mtama huo na kijiji ulikotoka.